Njugu gani? Historia ya maneno yaliyomo ndani ya keki

Desemba iliyopita nilikuwa Kapsokwony nyumbani kwa dada yangu. Ubaridi wa Mlima Elgon huteremka mapema jioni, na watu husongea jikoni kutafuta vitu viwili: moto na maneno. Mpwa wangu, aliyefanya kazi katika jiko la hoteli moja mjini Doha kwa miaka minne, amerudi nyumbani na ujuzi wa kuoka keki. Wateja wake ni watu wenye harusi, mahafali na sherehe za watoto, kuanzia Kaptama hadi Kimilili. Siku hiyo alikuwa akioka keki aliyoiita ya Kimeksiko.

Nilikaa nikamtazama. Aliyeyusha chokoleti nyeusi pamoja na siagi ndani ya bakuli lililoketishwa juu ya sufuria ya maji moto, kwa sababu chokoleti ikiguswa na moto wenyewe huungua na kushikana. Alitenganisha viini vya mayai na ute wake. Viini alivipiga na sukari hadi vikapauka. Ute akaupiga peke yake hadi ukawa povu zito, ndilo liinualo keki hiyo. Mahali pa unga mwingi wa ngano alitia korosho zilizosagwa. Kisha vikaja vanila, mdalasini na pilipili ya unga, kiasi cha kuokotwa kwa ncha ya vidole viwili. Dada yangu akauliza kama pilipili hiyo ni ya keki au ya mchuzi wa kuku. Tukacheka.

Keki ilipopoa, mpwa wangu alinipa kalamu na kikaratasi. "Mjomba, wewe ndiwe mtu wa Kiswahili. Niandikie jina lake." Bila kufikiri sana nikaandika: Keki ya chokoleti na njugu.

Kesho yake, kwenye sherehe, mama mmoja alikuja na mtoto wa miaka sita hivi. Alisoma kile kikaratasi, akanigeukia. "Profesa, hapa mmeandika njugu. Ni njugu gani?" Mtoto wake ana mzio. Katika daftari la kliniki muuguzi ameandika neno moja la Kiingereza, lile linalojumuisha karanga, korosho, lozi na jamaa zao wote. Kabla sijajibu, mpwa wangu akadakia: "Hiyo haina njugu, mama, ni korosho tu." Mama akanitazama, akamtazama mpwa wangu, akairudisha sahani mezani. Mtoto akaanza kulia.

Wote wawili, mimi na mpwa wangu, tulisema kweli, kila mtu kwa Kiswahili chake. Kwangu njugu lilikuwa jina la jumla. Kwake, kama kwa watu wengi wa Bungoma na Kitale, njugu ni karanga basi. Nilirudi kitini na aibu ya kitaaluma, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiyachambua maneno yaliyokuwa ndani ya keki ile, moja baada ya jingine. Haya ndiyo niliyoyakuta.

Tuanze na chokoleti. Mti wa kakao asili yake ni Amerika. Wanaakiolojia wamepata mabaki ya kakao nchini Ekwado yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000, lakini neno lenyewe lilikulia Meksiko na nchi za jirani. Wamaya waliandika kakaw kwa maandishi yao juu ya vyombo vya kunywea, nao Waazteki, waliozungumza Kinahuatl, walisema cacahuatl. Kwao kakao ilikuwa kinywaji, na pia ilikuwa pesa. Orodha ya bei ya mwaka 1545 kutoka Tlaxcala, iliyoandikwa kwa Kinahuatl, inaonyesha kuwa bata mzinga jike mzuri aliuzwa kwa punje 100 za kakao. Kinywaji chenyewe kilitiwa pilipili na vanila, si sukari, kwa sababu miwa haikuwako huko. Kwa hiyo dada yangu aliyeshangaa kuona pilipili ndani ya chokoleti alikuwa akishangaa jambo lililotangulia sukari yenyewe.

Neno chokoleti lina utata zaidi. Wengi hurudia kwamba linatokana na neno la Kinahuatl lenye maana ya maji machungu. Ni maelezo matamu, ila neno hilo halionekani katika maandishi ya mwanzo ya lugha hiyo, na wataalamu wengine wamependekeza asili inayohusiana na kijiti cha kupekechea kinywaji hicho. Tunalojua ni kwamba Wahispania walilichukua, Waingereza wakalipata kwao, nasi tukalipata kwa Waingereza, tukalivisha irabu mwishoni kama tuvishavyo maneno yote yanayokuja uchi. Kule Tanzania, wanakolima zao hili Kyela, watu husema kakao. Kwetu Kenya, tunaolijua zaidi kutoka dukani, wengi husema koko. Koko hii ni kosa tulilorithi. Waingereza waliichanganya kakao na jina la mnazi, na kamusi maarufu ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ikaufungia mchanganyiko huo ndani ya jalada.

Sasa tuje kwenye njugu, maana hapo ndipo palipoliza mtoto.

Karanga nayo ni mzaliwa wa Amerika, upande wa kusini. Ilipofika Meksiko, Waazteki hawakuwa na jina lake. Wakafanya nini? Walitazama kile walichokijua na kukithamini, punje ya kakao, wakaiita karanga tlalcacahuatl. Tlalli ni ardhi. Kwa hiyo jina lote ni kakao ya ardhini. Hadi leo Mmeksiko akiagiza karanga husema cacahuate, neno ambalo limeangusha ile ardhi ya mbele na kubakiza kakao peke yake. Tazama basi, msomaji: katika keki ya chokoleti na karanga, Mmeksiko anatia vitu viwili vilivyotoka katika jina moja.

Babu zetu wa Afrika Mashariki walifanya vivyo hivyo bila kushauriana na Waazteki. Kabla ya karanga kuvuka bahari, Afrika ilikuwa na njugu yake, ile njugu mawe ngumu, ya mviringo, nayo huzaa ardhini. Mgeni alipokuja akizaa ardhini kama mwenyeji, alipewa jina la mwenyeji na sifa ya kumtofautisha: njugu nyasa, njugu karanga. Neno karanga nalo lina ukoo wa kueleweka. Ni kitenzi cha kukaanga katika umbo lake la zamani. Kiswahili kina tabia ya kumeza konsonanti iliyokuwa kati ya irabu mbili, ndiyo maana tuna kaanga yenye a mbili zilizofuatana, ilhali Wakikuyu bado husema gũkaranga. Kwa hiyo njugu karanga ni njugu ya kukaangwa. Watanzania wakaiacha njugu, wakabaki na karanga. Wakenya wengi wa bara wakaiacha karanga, wakabaki na njugu. Kila upande ulikata jina pale ulipoona panafaa, na mama yule wa Kapsokwony akaangukia katikati ya mkato.

Huku Mlima Elgon karanga ilijipatia makao jikoni zamani kabla keki haijajulikana. Ukivuka kwenda upande wa Uganda, Wamasaba hupika malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, kwa mchuzi wa karanga zilizosagwa. Mmea wa Amerika umekutana na mwanzi wa Elgon ndani ya chungu kimoja, na hakuna anayekiita chakula hicho cha kigeni.

Na korosho je? Hiyo pia ni ya Amerika, kutoka Brazili, na Wareno ndio walioieneza katika pwani za Bahari ya Hindi. Tunda lake Waswahili waliliita kanju, kutoka caju ya Wareno, ambayo nayo Wareno waliitoa katika lugha ya Kitupi ya wenyeji wa Brazili. Kibotania korosho haina udugu wa karibu na karanga. Karanga ni ndugu wa maharagwe na kunde. Korosho ni jamaa ya mwembe. Lozi, tuliyoipata kutoka Kiarabu, ni jamaa ya mpichi. Mtu anaweza kudhurika kwa karanga asidhurike kwa korosho, mwingine kinyume chake, na wengine hudhurika kwa zote. Ndiyo maana swali la mama yule halikuwa swali la sarufi.

Desturi hii ya kumpa mgeni jina la mwenyeji imejaa katika shamba na jiko letu. Mahindi ni mfano mkubwa zaidi. Mmea huu ulianza kulimwa Meksiko maelfu ya miaka iliyopita, lakini sisi tuliona unatujia kwa njia ya bahari ya mashariki, tukauita wa Kihindi. Kisa hicho kina kipande cha nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watafiti wa mbegu wa Kitale walitafuta mahindi ya Amerika ya Kati na Kusini ili wayachanganye na yale ya kwetu. Mwaka 1964 Kitale ikatoa mbegu chotara ya kwanza ya Kenya, H611, mtoto wa mahindi ya Kitale na mahindi ya milimani kutoka Ekwado. Kwa hiyo mkulima wa Trans Nzoia anapanda nafaka ya Meksiko yenye damu ya Ekwado na jina la India, halafu anaiita chakula cha kienyeji. Wala hakosei.

Pilipili nayo ni vivyo hivyo. Jina lina mizizi India, ambako lilitaja pilipili manga na jamaa zake. Pilipili kali nyekundu ilipokuja kutoka Amerika ikalivaa jina hilo, na leo ndiyo inayokuja akilini kwanza, hata ile ya asili ikalazimika kuongezewa manga ili itambulike. Mgeni alichukua kiti, mwenyeji akasimama.

Lakini safari haikuwa ya upande mmoja. Keki ya Kimeksiko haiwi ya Kimeksiko bila mdalasini, na mdalasini si wa Meksiko. Ni wa kwetu, wa Bahari ya Hindi. Jina lake limetoka Kiajemi, dar-chini, maana yake mti wa Uchina, kwa kuwa Waajemi waliamini ulitoka huko. Sukari ni neno lililoanza katika Kisanskriti, likapita kwa Waajemi na Waarabu, likatufikia. Leo inasagwa hapo chini tu, maana kiwanda cha Nzoia kilianzishwa mwaka 1975. Vanila ni ya Meksiko, lakini nje ya Meksiko maua yake kwa muda mrefu hayakuzaa kwa urahisi, na mwaka 1841 mvulana mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond Albius, katika kisiwa cha Réunion, akagundua namna ya kuyachavusha kwa kijiti na kidole gumba. Kila chupa ya vanila halisi kutoka Bukini au Uganda inadaiwa na mtoto yule.

Na keki yenyewe? Keki ni neno la Kiingereza ambalo Waingereza nao walilipata kwa watu wa Skandinavia. Hata hivyo, kuoka si jambo tuliloletewa. Kitenzi oka ni cha Kibantu cha kale; Waganda wana okwokya, kuchoma. Waswahili wa Pwani walikuwa na mkate wa mofa, mkate wa sinia, mkate wa kumimina na mkate wa mayai, ambao ukiuonja huwezi kuniambia si keki. Tanuri ni neno la Kiarabu ambalo mizizi yake inafika hadi Babeli.

Hapa bara, keki ilipita mlango mwingine. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwagawia walowezi ardhi ya Trans Nzoia, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Katika majiko ya mashamba yale, vijana wa Kibukusu, Kisabaot na jamii nyingine waliajiriwa kuwa wapishi. Walijifunza kuoka keki za watu ambao hawakuruhusiwa kuketi nao mezani. Lugha iliyotumika ni ile iliyokuja kuitwa Kisetla, Kiswahili cha amri, kilichovuliwa ngeli na viambishi, ambamo mtu hakusema "ninataka maji ya moto" bali "mimi taka maji moto". Wengi waliita lugha hiyo Kiswahili cha jikoni, wakimaanisha kwamba ni duni.

Hebu tulitazame neno hilo duni. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na miaka miwili baadaye ikaundwa kamati ya kusimamia lugha hiyo katika nchi nne za Afrika Mashariki. Kazi yake kubwa ilikuwa vitabu vya shule. Darasa likapata msamiati, jiko likaachwa lijitafutie. Mpishi wa Kitale alijua kupima, kukoroga, kupiga ute wa yai na kujua joto la tanuri kwa kuingiza mkono, lakini majina ya vitu alivyovishika alipewa kwa Kiingereza, tena nusunusu. Hakuna aliyeketi naye amwulize: wewe hiki ungekiitaje?

Misheni nazo zilichangia. Marafiki, ambao wengine huwaita Wakwekwa, walifika Kaimosi mwaka 1902 kutoka Marekani, na kazi yao ikaenea hadi Lugulu hapa Bungoma. Wenzao wa madhehebu hayo huko Uingereza, familia za Fry, Cadbury na Rowntree, ndio waliotajirika kwa chokoleti, wakiiona kakao kuwa kinywaji cha kumwokoa maskini kutoka kwenye pombe. Kampuni ya Fry ndiyo iliyotengeneza kipande cha chokoleti cha kutafuna mwaka 1847. Historia hiyo ina doa. Kakao iliyonunuliwa na kampuni hizo kisiwani São Tomé ilivunwa na watu waliokuwa watumwa kwa jina jingine, na ni mwaka 1909 ndipo zilipoacha kuinunua. Baadaye, mwaka 1952, kikaanzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake, na katika vikundi vyake akina mama walifundishwa kushona, usafi na upishi. Marehemu mama yangu alitoka katika madarasa hayo akijua kuoka keki ndani ya sufuria, mchanga chini, makaa juu ya kifuniko. Hakuwahi kuona oveni hadi uzeeni.

Nimeyasimulia haya yote ili nifike kwenye jambo moja. Ukiwatazama Waazteki, Waswahili wa Pwani na Wamasaba wa mlimani, utaona kwamba walipokutana na kitu kipya walikikagua kwanza: kinazaa wapi, kinafanana na nini, kinapikwaje. Kisha wakakipa jina lililobeba habari. Kakao ya ardhini. Njugu ya kukaangwa. Sisi wa leo, wenye shahada na kamusi, tunakopa neno moja pana la Kiingereza na kulitafsiri kwa neno moja jembamba la Kiswahili, halafu tunaenda zetu. Muuguzi aliandika kwa upana. Mama akatafsiri kwa wembamba. Mimi, profesa, nikaandika kwa upana tena bila kueleza. Katika mzunguko huo kuna mtoto.

Pendekezo langu ni la kawaida sana. Tuache kulitumia njugu kama jina la jumla katika maandishi ya vyakula, kwa sababu katika masikio ya mamilioni ya Wakenya si la jumla. Tutaje kila kitu kwa jina lake: karanga, njugu mawe, korosho, lozi, makadamia. Tukihitaji kundi, tuseme "karanga na kokwa", nasi tueleze ni kokwa zipi. Walimu wa sayansikimu wana nafasi hapa, na wahudumu wa afya zaidi. Anayeandika katika daftari la kliniki na amwulize mzazi, "Alikula nini hasa?" kisha aliandike jibu hilo kwa lugha ambayo mzazi ataisoma nyumbani.

Nilimpigia mpwa wangu simu mwezi uliofuata nikamsomea maandishi mapya: "Keki ya chokoleti. Ina korosho, mayai, siagi na ngano. Haina karanga." Akanyamaza kidogo.

"Mjomba, hilo la mwisho usiliandike."

"Kwa nini?"

"Korosho nazisaga kwa mashine ile ile ninayosagia karanga za mboga."

Nikalifuta. Tukaandika kwamba korosho zimesagwa kwa mashine inayosaga pia karanga. Kikaratasi kimekuwa kirefu, herufi zimekuwa ndogo, na mpwa wangu analalamika kwamba kinafunika urembo wa keki. Lakini mama yule, aliponiona tena sokoni Kapsokwony mwezi wa pili, aliniambia kwamba amerudi kliniki kuuliza upya. Jibu analo sasa kwa majina kamili. Ni karanga. Hata hivyo keki ya mpwa wangu bado hainunui, kwa sababu ya ile mashine.

Mpwa wangu ameanza kuweka akiba ya mashine ya pili. Nanyi wasomaji, hasa wa Kitale, Cheptais, Webuye na pande za Pwani, niandikieni: kwenu mtu akisema njugu, anashika nini mkononi?